Nyapara na Suruali ya Mashini

Nyapara wetu alikuwa anasema petroli haijui nani ameokoka na nani hajaokoka. Alisema hivyo na yeye mwenyewe ni mzee wa kanisa, tena kanisa yetu ya huku Gatitu haikuwa na mchezo. Mara ya kwanza kusikia nilishtuka. Nikafikiri huyu mzee anadharau wokovu. Baadaye nilielewa. Kuna kijana wa bustani, Muriuki, alikuwa na mazoea ya kufumba macho aombe kidogo akivuta kamba ya kuwasha injini. Nyapara alimgonga bega na fimbo ya kupimia maua.

"Umeomba nyumbani?"

"Nimeomba, mzee."

"Basi Mungu amesikia. Sasa fungua macho uone mahali umeelekeza mdomo ya hiyo kitu."

Jina lake sitaandika. Kwa hoteli alikuwa Nyapara, na hata leo nikimkumbuka ni Nyapara.

Hiyo hoteli ilikuwa upande wa juu wa mji wa Nyeri, mahali watalii walilala kabla ya kupanda msituni kuangalia wanyama. Mzungu wa kwanza aliuza akaenda kwao baada ya Uhuru, lakini nyasi yake ilibaki, na miti yake, na miti haijui serikali imebadilika. Mikima, ile ya majani kama manyoya ya kuku, iliangusha kila siku. Jakaranda ikianza, tulikuwa tunafagia zambarau mpaka mgongo inalia. Tulikuwa wanawake wa kibarua na fagio za vijiti, tumeinama kutoka asubuhi.

Halafu meneja akaleta mashini. Ilikuwa na injini ndogo ya petroli na mkanda wa kuning'iniza begani. Ukiweka bomba nyembamba inapuliza majani yanakimbia mbele yako kama mbuzi. Ukibadilisha uweke bomba nono, na mfuko nyuma, inavuta majani ndani, inayakatakata, inayatapika kwa mfuko. Tulisimama tukaangalia. Kila mama alielewa bila kufundishwa: hii moja itafanya kazi ya fagio zetu zote. Na kweli meneja alisema vibarua wataambiwa asante mwisho wa mwezi. Atabaki yule anajua mashini tu, na huyo ataandikwa kazi ya kudumu.

Wakati huo baba Njeri alikuwa mgonjwa wa kifua, hatoki kitandani bila kushikwa mkono. Watoto walikuwa shule. Mimi nikitoka kazini nilikuwa naenda ngumbaru, ile darasa ya jioni ya watu wazima, nimejua kusoma juzi tu. Nikaambia Mungu. Nikimaliza kuambia Mungu nikaenda kuambia Nyapara.

"Nifundishe hiyo mashini."

Aliniangalia kutoka viatu mpaka kitambaa ya kichwa. "Unajua inakunywa nini?"

"Petroli."

"Petroli na oili, zimechanganywa. Ikikosa oili inakufa. Oili ikizidi inakohoa kama bwana yako." Halafu akaona uso yangu. Akashusha sauti. "Pole, Mama Njeri. Anaendeleaje?"

"Anapambana."

"Basi na wewe kesho uje mapema."

Meneja alipinga. Alisema hiyo mashini ni nzito kwa mwanamke. Nyapara alimsikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma, halafu akamwambia, "Bwana meneja, hawa wamebeba maji na kuni kutoka utoto. Mgongo ya Muriuki imewahi kubeba nini, koti?" Muriuki mwenyewe alicheka. Meneja akasema ni sawa nijaribiwe, lakini nikiharibu, Nyapara atajibu. Nyapara akasema atajibu.

Asubuhi ya kwanza nilifanya kitu ambayo wanaume walirudia kusimulia mpaka nikazoea. Nilipewa mashini, nikaona ule mkanda, na bila kufikiri nikauvuta mpaka kwa kipaji cha uso, nikainama mbele kidogo, vile tunabeba kuni na kamba. Nikajisikia sawa kabisa. Mikono yote iko huru.

Muriuki alikaa chini kwa nyasi akicheka. "Mama anapeleka mashini nyumbani akapikie!"

Nyapara hakucheka. Alikuja akautoa mkanda kwa kichwa yangu taratibu, kama mtu anatoa nyuki.

"Kuni ikikuangukia inakuumiza mguu. Hii ikiwaka, Mama Njeri, utaitupa aje, na umeifunga na kichwa? Mashini unaivaa na kitu unaweza kuacha kwa mkono moja." Akaniwekea begani, upande moja tu, akanifanya niitupe chini juu ya gunia, tena na tena, na injini imezimwa, mpaka mkono ikajifunza kuachilia bila kungoja kichwa. Halafu akasema, "Na usiiname. Simama wima. Hii si mzigo, hii ni mnyama unatembea nayo."

Kusimama wima ilinishinda kuliko kuwasha. Mwanamke wa kwetu akisikia uzito anainama, hata hajui ameinama.

Sheria zake zilikuwa nyingi na hakuna hata moja ilikuwa imeandikwa mahali. Petroli tulijaza kwa tanki tukiwa nje, kwa udongo, mbali na jikoni ya hoteli, na injini imepoa. Ukimaliza kujaza unafunga kifuniko, unapanguza, unabeba mashini mbali na hapo ndio uwashe. Ndani ya stoo haikuwashwa hata kwa kujaribu, kwa sababu alisema moshi yake inaingia kwa mtu polepole kama usingizi. Miwani kwa macho. Pamba kwa masikio, na alikuwa anakagua hiyo pamba kama mwalimu anakagua kucha. Tulipuliza tukifuata upepo. "Upepo usibishane nayo," alisema, "ni mkubwa wako."

Na hii ndiyo nilipenda zaidi: ukiona mtu anapita njiani, unapunguza moto ya injini na unainamisha mdomo ya bomba chini mpaka apite. Jiwe ndogo ikitoka hapo inaweza kutoa jicho. Lakini yeye hakusema mambo ya jicho. Alisema, "Ni kama kuvua kofia." Matanga ikipita kwa barabara, alikuwa anatuzimisha kabisa, na tunangoja gari ya mwisho ipite.

Kitu kingine alikuwa anarudia ni kwamba mashini ikinyamaza haijalala. Ndani ya lile bomba nono kuna feni ya chuma, na ukizima injini feni bado inazunguka kidogo. Majani yakikwama, watu hukimbilia kuingiza mkono. Yeye alikuwa anazima, anatoa waya ya plagi, halafu anatoa tumbaku yake ya kunusa, ananusa, anapiga chafya, anafuta pua, ndio anafungua bomba. Nilifikiri ni uzee. Kumbe hiyo tumbaku ndiyo ilikuwa saa yake.

Siku moja Muriuki alivuta majani nyuma ya vyumba, mahali wafanyikazi wa ndani walimwaga jivu ya mekoni ya wageni. Jivu ilikuwa nyeupe, imetulia. Muda kidogo mfuko ukaanza kutoa moshi mgongoni kwake na hajui, amewekwa pamba masikioni, tunaita hasikii. Nyapara alikimbia. Sikuwa nimewahi kumwona akikimbia. Alifungua mfuko, akautupa kwa birika ya samaki ya mapambo, akavuta Muriuki na kola mbali na petroli. Hakusema neno siku yote. Kesho yake alimpeleka kwa hiyo jivu, akamfanya aweke nyuma ya mkono karibu nayo, asikie joto.

"Imepoa?" akamuuliza.

"Haijapoa, mzee."

"Lakini imenyamaza. Kuna watu kama hiyo."

Watu walisema lazima aliwahi kuumia ndio akawa hivyo. Wengine walisema ni kiwanda ya kahawa huko Kiriaini, wengine walisema ni mashini ya mbao. Nilimuuliza. Akanijibu, "Lazima mtu aungue ndio aamini moto?" Hakuwa na kovu yoyote mimi niliona.

Tena hakupenda hiyo mashini. Alisema inapiga kelele ya harusi kufanya kazi ya ufagio. Hakuruhusu iwashwe wageni wakiwa wamelala. Lakini jioni alikuwa anaipanguza na leso yake ya mfukoni, hiyo hiyo ya tumbaku, na akimaliza anaifunika gunia kama ndama.

Sasa nifike kwa ile mambo ya suruali.

Kanisani yeye alikuwa mkali. Kuna msichana alikuja kutoka Nairobi na suruali, akaketi katikati. Nyapara ndiye alisimama akamwomba atoke akabadilishe. Hakumfokea, lakini alimtoa. Sisi akina mama tulisema amina, na mimi nilikuwa kati ya wale walisema. Nilikuwa najua Neno linasema mwanamke asivae nguo ya mwanamume, na kwa hiyo kwa mashini nilivaa rinda yangu ndefu na kitambaa yangu ya kichwa, nimeifunga chini ya kidevu, ncha zinaning'inia.

Ilikuwa asubuhi ya kuvuta majani, na bomba nono. Chini ya mkima kulikuwa na lundo. Nikajisahau nikainama. Mdomo ya bomba ilishika ncha ya kitambaa. Sikusikia kitu, nilisikia tu kichwa yangu inavutwa chini kwa nguvu, kama mtu mwenye hasira amenishika. Kitambaa ikakaza shingo. Mkono yangu ilitafuta swichi ikashika hewa. Niliona nyasi karibu sana. Halafu ikanyamaza. Nyapara alikuwa ameruka ua ya maua, amezima, na anakata kitambaa na kisu yake ya kupogoa.

Nilikaa chini. Alingoja nipumue. Halafu akaenda stoo akarudi na ovaroli ya kijani, ile ya miguu miwili, akaiweka kwa mapaja yangu.

"Utavaa hii."

"Nyapara, hii ni suruali."

"Naona."

"Niweke rinda juu yake basi."

"Ile rinda ndiyo inafuata kitambaa. Nywele funika na kofia ya kubana, kichwa itakuwa imefunikwa, Mungu ataona. Lakini hakuna kitu inaning'inia. Kama huwezi, chukua ufagio, na ufagio unajua inaisha mwisho wa mwezi."

Nilivaa. Nilienda nyuma ya stoo nikavaa, nikatoka, na Muriuki akafungua mdomo, na Nyapara akamwangalia, na Muriuki akaufunga.

Mwisho wa mwezi wengine waliambiwa asante. Mimi niliandikwa.

Mwenyekiti wa akina mama wa kanisa yetu alikuwa anauzia jikoni ya hoteli mayai. Tulimwita Mama Mwenyekiti. Alikuja na trei zake, akanipata katikati ya nyasi nimesimama wima, miguu miwili kama askari. Nilizima, nikainamisha bomba.

"Huyu ni nyina wa Njeri ama ni baba yake?" akauliza.

"Ni mimi, mama. Mko wazima?"

"Sisi tuko wazima," akasema. "Sijui wewe." Akaenda na mayai yake.

Jumapili hiyo niliitwa mbele ya wazee. Kwa kanisa yetu mtu akikosa anawekwa nyuma, na maana yake ni hiyo hiyo: unaketi benchi ya mwisho kabisa, na siku ya Meza ya Bwana mkate na kikombe vinakupita, mpaka siku utasimama utubu mbele ya watu. Mtu akisikia anaweza kusema ni benchi tu. Mimi hiyo Meza ndiyo ilikuwa inanibeba mwezi hadi mwezi na mgonjwa nyumbani. Nilikuwa nafunga siku nzima kabla yake.

Wazee walikuwa wameketi kwa mstari, na Nyapara kati yao, na suti yake ya kahawia. Mchungaji alisoma ile sehemu ya mavazi. Akaniuliza kama ni kweli.

"Ni kweli. Navaa kazini, natoa kazini."

"Utaacha?"

"Mchungaji, hiyo ukurasa nimeisoma nikiwa ngumbaru, kidole kwa kidole. Ukishuka kidogo, Mungu anaambia mtu akijenga nyumba aweke ukingo juu ya dari, mtu asianguke damu ikawa juu ya hiyo nyumba. Na mimi ile ovaroli ni ukingo yangu."

"Hiyo ni ya nyumba, mama."

"Na mimi niko na nyumba. Iko na watu ndani."

Mchungaji hakuwa mtu mbaya. Alifunga Maandiko polepole akasema hapa si mahali pa kubishana, wazee watainua mkono. Wakainua. Nyapara alikuwa wa mwisho. Aliangalia magoti yake, na mimi nilimwangalia yeye tu, nikijua mkono ile ndiyo ilikata kitambaa shingoni kwangu. Akainua.

Jumatatu nilifika kazini kabla yake. Nilikuwa nimeamua nisimsalimie. Alikuja, akachukua ovaroli kwa msumari, akakagua vifungo moja moja, akaona moja imelegea, akatoa sindano kwa kofia yake na uzi, akaanza kushona.

Nikashindwa. "Wewe jana uliinua mkono."

"Niliinua."

"Na leo unashona."

"Huko mimi ni mzee wao, na sheria ndiyo hiyo. Hapa mimi ni nyapara, na sheria ndiyo hii." Akakata uzi na meno. "Vaa."

"Na mimi niko katikati ya sheria zako mbili, Nyapara. Ni mimi niko hapo, si wewe."

Alinipa ovaroli. Nilivaa, kwa sababu baba Njeri alikuwa anangoja dawa, na kwa sababu sikuwa nimekosa.

Niliketi nyuma miaka. Sikuhama kanisa. Watu waliniambia kuna kanisa zingine mjini hazijali suruali, nikawaambia mimi sikuja kanisa kwa sababu ya suruali na siwezi kutoka kwa sababu yake. Kila Meza ya Bwana nilifunga siku nzima kama zamani, nikaenda, mkate ukanipita, nikaimba. Njeri alimaliza shule. Baba yake tukamzika. Nyapara akastaafu, akarudi shamba yake huko Tetu, na meneja akaniachia bustani. Wasichana wakaanza kuja kufundishwa mashini, na wote niliwavalisha ovaroli, na wote niliwafanya waitupe kwa gunia.

Mwaka juzi nilisikia amelala na hainuki. Jumapili mchana nikaenda. Alikuwa amekuwa kidogo kwa kitanda, mifupa na blanketi. Mke wa kijana yake alikuwa ametuletea nduma na birika ya chai, akaenda kukamua. Nyapara akaniuliza habari ya mashini, kama bado inakohoa. Nikamwambia ile ilikufa, tuko na ingine.

"Inavuta?"

"Inavuta sana."

"Basi mkaze vifungo."

Tukasikia hodi. Ilikuwa mchungaji, kijana mpya, na Mama Mwenyekiti, amezeeka na yeye, anatembea na fimbo. Walikuwa wamemletea mgonjwa Meza ya Bwana nyumbani. Niliinuka nitoke, kwa sababu aliye nyuma haketi hapo.

"Kaa," Nyapara akasema.

"Nitangoja nje, mzee."

"Kaa, Mama Njeri." Akageukia mchungaji. "Huyu ndiye nilimvalisha suruali mimi. Halafu nikainua mkono awekwe nyuma, mimi. Hiyo mkono ndiyo unataka kuwekea mkate?"

Mchungaji kijana alimwangalia Mama Mwenyekiti, halafu mimi. Aliongea vizuri, bila ukali. "Mama, tungemaliza hii mambo leo. Sema tu ulikosa, tushiriki sisi wote hapa na mzee. Ni neno moja."

Nilikuwa nimeutaka huo mkate miaka hiyo yote. Harufu ya divai ilikuwa imefika mpaka mahali nimesimama. Nyapara hakunisaidia. Aliangalia ukuta, aniachie.

"Mchungaji," nikasema, "kesho ni Jumatatu. Saa moja nitavaa ovaroli, na wasichana wangu watavaa. Siwezi kutubu leo kitu nitafanya kesho."

Nyapara alirudisha mkono yake chini ya blanketi.

"Basi funga kikombe, mwanangu," akamwambia mchungaji. "Nitangoja na huyu."

Kijana aliomba maombi mafupi, akafunga vyombo vyake kwa kitambaa, akasema atangoja Mama Mwenyekiti kwa gari. Lakini Mama Mwenyekiti hakutoka. Alikaa kwa kiti, fimbo kati ya magoti, akiangalia ile sahani ya nduma. Halafu akajivuta, akachukua birika, akapanga vikombe. Kwetu chai inaanza na mgonjwa, ama inaanza na mzee, na Nyapara alikuwa vyote viwili. Alimwaga kikombe ya kwanza, akanipatia mimi.